Kuujua mtaa mzima kwa nyumba chache: mwongozo kamili wa sampuli, kwa mfano wa Lamu

Mnunuzi wa nafaka haamini mdomo wa gunia. Huchukua bambo, kile chuma cha kutobolea gunia, akachoma juu, akachoma katikati, akachoma chini, akamwaga punje kiganjani na kuzitazama, ndipo anapotaja bei. Punje hizo hazijazi kikombe, lakini zinamtosha. Anajua pia kwamba angechota kwa mkono hapo juu tu, angenunua mchele mzuri uliofunika chenga.

Sampuli, yaani kuuliza wachache ili kuwajua wote, ni kazi hiyohiyo, na bado vikundi vyetu vinaikosea mwaka baada ya mwaka. Vijana wanasimama njia ya Usita wa Pwani mjini Lamu asubuhi moja, wanauliza wapita njia mia mbili, kisha wanaandika "asilimia 80 ya watu wa Lamu". Wameuliza wengi, ni kweli. Lakini wamechota mdomoni mwa gunia.

Mimi mwenyewe nimewahi kuongoza kazi ya namna hiyo. Tulitaka kujua nyumba zinazokosa maji ya kunywa ili tuagize matangi. Tulisimama gatini na wengi tuliowakuta walikuwa wanaume. Walisema maji yapo. Waliojua saa ambayo mtungi ulikauka walikuwa nyumbani, na hatukubisha hodi hata mlango mmoja. Siku ya kugawa, nyumba zilizokuja zilizidi matangi zaidi ya mara mbili, na akina mama waliorudi mikono mitupu walikuwa na haki ya kukasirika. Nimeandika mwongozo huu ili kikundi kingine kisiwafikishe watu hapo.

Mfano tutakaoufuata: mtaa mmoja wa kisiwani, na swali ni nyumba ngapi zinanunua maji ya kunywa kwa mitungi. Tarakimu za mfano nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Usizinukuu kama hali ya mtaa wowote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari mbili: moja ya orodha ya nyumba, nyingine ya majibu. Usizichanganye, sababu utaiona hatua ya 6.
- Chaki, na ramani ya mtaa uliyoichora mwenyewe kwa mkono.
- Vipande vya karatasi vilivyo sawa kwa ukubwa, na bakuli la kupigia kura, yaani kuchagua nyumba kwa bahati nasibu.
- Simu yenye kikokotoo kinachotoa kipeuo cha pili.
- Watu wawili wawili, na kila jozi iwe na mwanamke. Mchana nyumba nyingi zina akina mama peke yao, na kijana wa kiume pekee ataishia dakani, pale kibarazani mlangoni.
- Idhini ya mzee wa mtaa na ya chifu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo mweleze kila unayemuuliza ni kwa nini unauliza na majibu yatakwenda wapi.

Pia weka mbegu 300 kando: kunde 100 na choroko 200.

## Zoezi la bakuli

Changanya mbegu zako vizuri. Funga macho, hesabu mbegu 30 kutoka bakulini, angalia kunde ni ngapi, rudisha zote, changanya tena. Fanya hivyo mara 20 na uandike kila jibu.

Theluthi ya bakuli ni kunde, kwa hiyo ungetarajia kunde 10 kila mara. Hutazipata kila mara. Utapata 8, kisha 12, kisha 10, kisha 7. Karibu majibu yote yataangukia kati ya 5 na 15, na yatajazana karibu na 10.

Watu huruka zoezi hili wakiliona la watoto. Usiliruke. Kuyumba huko unakokuona kwa macho hakutokani na kosa la mtu, ndiyo tabia ya sampuli yenyewe, na hatua ya 8 yote ni kupima ukubwa wake. Sasa fanya jambo moja zaidi: mimina choroko zote juu ya kunde bila kuchanganya, kisha chota kwa juu. Utapata choroko tupu, na hata ukichota 100 hutapona.

## Hatua ya 1: Andika swali moja, na useme unamhesabu nani

"Tunataka kujua hali ya maji" halihesabiki. "Nyumba ngapi za mtaa huu zilikunywa jana maji ya kununua?" linahesabika, kwa sababu kila nyumba itajibu ndiyo au la.

Kisha amua "nyumba" ni nini. Nyumba ya mawe ya Lamu inaweza kuwa na familia moja chini na nyingine gorofani, kila moja na jiko lake. Mimi huhesabu chungu: wanaokula chungu kimoja ni nyumba moja. Vitabu vya takwimu huita kaya, ila huku Pwani neno hilo huwapeleka watu kwenye misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo nayo huitwa kaya, kwa hiyo mlangoni sema nyumba na ueleze chungu.

Onyo: usipime nyumba halafu ukazidisha kwa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yote ya Lamu, pamoja na Mpeketoni, Witu, Hindi, Faza na Kiunga. Nimeona asilimia ya nyumba za mtaa mmoja wa mjini ikizidishwa kwa tarakimu hiyo. Jibu lilitoka kubwa na la kupendeza, na halikumhusu mtu yeyote.

Umefaulu ikiwa watu wawili waliosoma swali lako, bila kuulizana, watakubaliana ni nani anaingia na nani haingii.

## Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya nyumba zote

Hapa ndipo jasho linapotoka. Pita mtaa mzima na chaki na ramani yako, kichochoro kwa kichochoro, ukipa kila chungu nambari. Anzia pembe moja na ufuate ukuta wa mkono wa kulia hadi urudi ulipoanza. Bila utaratibu huo, vichochoro vya Lamu vitakurudisha kwenye mlango uleule kwa upande wa nyuma na utauhesabu mara mbili.

Uliza kuhusu nyumba zilizofungwa. Baadhi wenyewe wako nje na huja msimu tu. Hizo hazina chungu, ziache nje ya orodha na uandike kwamba umeziacha. Uliza pia kuhusu vibanda vya makuti vya nyuma visivyoonekana ukipita njia. Wanaoachwa kwenye orodha ni wanyonge kila mara, nao ndio unaowatafuta.

Katika mfano wetu orodha imefika nyumba 640.

## Hatua ya 3: Amua ukubwa wa sampuli

Kanuni ya mkononi: gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya nyumba utakazouliza. Jibu ni nafasi ya kukosea, juu na chini.

Nyumba 100 zinakupa asilimia 10. Nyumba 400, asilimia 5. Nyumba 1,600, asilimia 2.5. Angalia vizuri: kupunguza kosa kwa nusu kunataka kazi mara nne. Ndiyo maana si busara kuwachosha vijana wako wakitafuta usahihi ambao uamuzi wenu hauuhitaji. Ikiwa mtaagiza matangi kwa makumi, asilimia 8 au 9 inatosha.

Watu wengi hushikilia kwamba lazima uchukue sehemu ya kumi ya watu wote. Haina msingi. Tazama kanuni tena: ukubwa wa mtaa haumo ndani yake. Nyumba 400 zilizochaguliwa kwa kura zinaieleza kaunti ya Lamu kwa usahihi ule ule ambao 400 nyingine, nazo za kura, zingeieleza Kenya nzima. Bambo ni lile lile, gunia likiwa la kilo 50 au la 90. Ukubwa wa mtaa huanza kusaidia pale tu sampuli inapokuwa sehemu kubwa ya mtaa wenyewe, kama itakavyokuwa kwetu.

Tunachukua 120.

## Hatua ya 4: Gawa mtaa kabla ya kura

Ikiwa unajua sehemu mbili za mtaa hazifanani katika jambo unalolipima, zitenganishe. Tuseme mtaa wetu una nyumba 400 za chini na nyumba 240 za mlimani ambako maji ya mfereji hupanda kwa shida. Gawa sampuli kwa uwiano ule ule:

120 × 400 ÷ 640 = 75 za chini
120 × 240 ÷ 640 = 45 za mlimani

Sababu: kura moja ya mtaa mzima inaweza, kwa bahati tu, kukupa nyumba 30 za mlimani au 58. Ukigawa kwanza, bahati hiyo umeifungia mlango.

## Hatua ya 5: Piga kura

Andika nambari za zile nyumba 400 za chini kwenye karatasi, kunja, tia bakulini, koroga, toa 75. Fanya vivyo hivyo kwa nyumba za mlimani, utoe 45. Ni kazi ya saa moja na nusu. Ifanye mbele ya watu, ikiwezekana mbele ya mzee wa mtaa, kwa sababu baadaye mtu atauliza kwa nini nyumba ya fulani imeulizwa na yake haikuulizwa.

Usichague "nyumba za wastani". Usichague zilizo karibu. Usiwaambie vijana "chukueni yoyote", kwa maana yoyote hugeuka kuwa ile yenye mlango wazi na mwenyeji mcheshi.

Wingi hauponyi uteuzi mbaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya kura za maoni zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Anwani walizotumia zilitoka sana kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi wa waliotumiwa hawakurudisha karatasi.

## Hatua ya 6: Bisha hodi, na urudi

Jaribu swali kwanza kwa nyumba tano zisizo kwenye sampuli. Utashangaa. Ukiuliza "Huwa mnanunua maji?" wengi watasema hapana, maana kununua kila siku kunasikika kama ufukara. Uliza jambo la jana:

"Hodi, hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, bibi. Maji mliyokunywa jana, mliyatoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Jana? Jana alikuja wa punda, tukachukua mitungi miwili."

Bibi hakuulizwa kama ni maskini, kaulizwa habari ya jana, na kwa swali hilo jibu la kweli ni rahisi kulitoa. Andika "ndiyo" kwenye daftari ya majibu, kwa nambari ya nyumba peke yake. Majina yasiingie humo kabisa, na ndiyo sababu ya kuwa na daftari mbili.

Nyumba ikiwa imefungwa, usigonge ya jirani badala yake. Hili ndilo kosa linaloonekana dogo na linaloharibu kuliko yote. Nyumba iliyofungwa asubuhi ni ya watu wanaotoka asubuhi, na jirani aliyepo si mwenzao. Rudi mara tatu kwa saa tofauti: asubuhi, baada ya alasiri, na baada ya isha. Usibishe wakati wa swala wala adhuhuri kali watu wamelala.

Zikibaki ambazo hamkuzipata, zisemeni. Tuseme nyumba 12 kati ya 120 hazikujibu, na kati ya 108 zilizojibu 38 zinanunua. Hesabu pande zote mbili: ikiwa hizo 12 zote hazinunui, ni 38 kwa 120, yaani asilimia 32. Ikiwa zote zinanunua, ni 50 kwa 120, asilimia 42. Ukweli wa sampuli yako umo humo katikati, na kama uamuzi haubadiliki kwenye ncha hizo mbili, endelea bila hofu.

Umefaulu ikiwa nyumba zisizojibu hazizidi moja kwa kumi.

## Hatua ya 7: Kutoka sampuli hadi mtaa

Tuchukue kwamba wote 120 wamejibu. Za chini, 18 kati ya 75 zinanunua maji. Za mlimani, 24 kati ya 45.

18 ÷ 75 = 0.24, kwa hiyo 0.24 × 400 = nyumba 96
24 ÷ 45 = 0.533, kwa hiyo 0.533 × 240 = nyumba 128

Jumla nyumba 224 kati ya 640, yaani asilimia 35.

Hakiki kwa njia ya pili: 42 kati ya 120 ni asilimia 35 vilevile. Majibu yamelingana kwa sababu tuligawa sampuli kwa uwiano. Ungechukua 60 chini na 60 mlimani, ukapata asilimia zile zile, halafu ukazijumlisha zote pamoja, ungepata karibu asilimia 39 na nyumba 247. Nyumba 23 zimezuka kwa sababu mlima umepewa sauti kubwa kuliko nyumba zake. Mgao usipokuwa wa uwiano, hesabu kila sehemu peke yake na ujumlishe nyumba, kamwe usijumlishe asilimia.

## Hatua ya 8: Pima nafasi ya kukosea

Sasa rudi kwenye bakuli. Sampuli nyingine ya 120 isingetoa 42 kamili. Ingetoa 39, au 46. Tunapima kuyumba huko hivi:

1. Zidisha sehemu ya "ndiyo" kwa sehemu ya "la": 0.35 × 0.65 = 0.2275.
2. Gawa kwa sampuli: 0.2275 ÷ 120 = 0.0019.
3. Chukua kipeuo cha pili: 0.0435.
4. Zidisha kwa 2: 0.087, yaani karibu asilimia 9.

Tumeuliza karibu nyumba moja katika kila tano, kwa hiyo tuna haki ya kupunguza. Toa sampuli kwenye mtaa, 640 − 120 = 520, gawa kwa 639 (mtaa ukitoa moja), chukua kipeuo cha pili: 0.90. Zidisha 0.087 kwa 0.90, unapata asilimia 8.

Basi ni asilimia 35, kukosea 8 juu au chini: kuanzia 27 hadi 43. Kwa nyumba, kuanzia 173 hadi 275.

Maana yake ni hii: ukirudia kazi yote mara 20 kwa kura mpya kila mara, takriban mara 19 jibu la kweli litakuwa ndani ya fungu utakalolipata, kama hili la 27 hadi 43. Kugawa mtaa kumepunguza kosa kidogo zaidi ya hapo, lakini liache fungu lilivyo. Afadhali fungu pana kidogo kuliko ahadi nyembamba.

Onyo: hesabu hii inapima bahati ya kura tu. Haipimi swali baya, orodha iliyoruka vibanda, wala kijana aliyejaza majibu akiwa amekaa barazani. Pia haikuruhusu kukata sampuli vipande vipande. Ukitaka kusema neno kuhusu nyumba 9 za kichochoro kimoja, nafasi ya kukosea inaruka hadi asilimia 30 na zaidi.

## Hatua ya 9: Andika sentensi inayobeba kazi yote

"Tuliorodhesha nyumba 640, tukachagua 120 kwa kura, zote zikajibu. Tunakadiria kwamba nyumba 224 zilinunua maji ya kunywa jana yake, na idadi ya kweli yawezekana ni kati ya 173 na 275."

Usiikate ikabaki 224 peke yake, hata mfadhili akitaka tarakimu moja. Kama ni matangi, mwambie wazi: tukiagiza 224, huenda nyumba 50 zikakosa. Mimi ningeagiza kwa kuelekea 275, maana tangi la ziada hupata mwenyewe mtaa wa pili. Uamuzi huo ni wa kikundi, na kikundi kitauamua vizuri kikiliona fungu lote.

## Ukikosa orodha: kuhesabu punda

Punda hawana milango. Wanatembea, wanafanana kwa mbali, na wenyewe hawatakupa idadi wakihofia kodi. Hapa uwiano hufanya kazi kwa njia nyingine.

Siku ya kwanza, zunguka mji na kupiga picha ya kila punda unayemwona: mwenye sikio lililokatika, mwenye mstari wa bega uliofifia, mwenye kovu la shogi. Usimpake rangi punda wa mtu bila ruhusa. Tuseme umepata 60. Subiri siku mbili wachanganyikane. Kisha zunguka tena na uhesabu unaowaona, tuseme 75, halafu linganisha na picha. Kati yao 15 ni wale wa kwanza.

Kumi na tano kati ya 75 ni moja ya tano. Ikiwa wale 60 wako mji mzima kwa kiasi kilekile, basi 60 ni moja ya tano ya punda wote:

60 × 75 ÷ 15 = 300

Waliorudi, yaani walioonekana mara zote mbili, wakiwa wachache, kanuni hii huelekea kuzidisha. Ongeza moja kila mahali na utoe moja mwishoni: 61 × 76 ÷ 16 − 1, unapata takriban 289. Na kwa waliorudi 15 tu fungu ni pana mno, karibu 180 hadi 400. Ukitaka libane, piga picha nyingi zaidi siku ya kwanza.

Njia hii inavunjika kwa mambo matatu: punda wakivushwa kwenda au kutoka nje ya mji kati ya siku zako mbili, picha zikiwa hafifu ukashindwa kuwatambua, au ukipita njia ileile mara zote mbili. La tatu ndilo la kawaida. Punda wabeba mchanga wa pwani utawaona siku zote mbili, wale waliofungwa nyuani hutawaona hata mara moja, na idadi itatoka ndogo kuliko kweli. Siku ya pili anzia mtaa mwingine, tuseme Wiyoni ikiwa siku ya kwanza ulianzia Langoni, ingia vichochoroni, na utoke jioni punda wanaporudi kwao.